Ubao wa Kushikia Pazia

Ndani ya basi, dada mmoja alikuwa amelaza pazia la kukunja mapajani, ncha ya fimbo yake ikinichoma mbavu.

"Juu ya dirisha ni zege tupu, keekee inateleza tu," alimwambia mzee aliyekaa mbele yetu, fundi rangi kwa ushahidi wa ovaroli lake. "Na leo lazima nilifunge. Mama anatoka hospitali, kapasuliwa macho. Mwanga unamtesa hata kupitia bandeji."

"Toboa pembeni, kwenye tofali. Funga ubao upite juu ya dirisha, pazia ulishikize hapo."

"Ubao mtupu? Mama atanisema."

"Mwanangu, macho yenyewe si yamefungwa?"

"Ataupapasa. Humjui."

Kituoni alinipitishia pazia usoni, akashuka. Fundi alifungua dirisha.

"Upige msasa," alimwambia. "Hata kwa nyuma."