Samaki Yote ya Bunia Inaangalia Kushoto

Rebecca, funga mulango. Caleb, acha ile telefone, ukae hapa kwenye kitanda karibu na miguu yangu, juu sauti yangu haiendi mbali tena. Ile ninataka kusema asubuhi ya leo nitaisema mara moja, na musinikatize, hata kama hasira itawashika.

Nyumba ni yenu wote wawili, na hakuna mujomba wala shangazi atakayekuja kuipima. Shamba ya Bogoro mugawanye pale kwenye mufereji, upande wa juu uwe wa Rebecca, juu yeye ndiye aliyeilima. Atelye yetu ya kuchora kwenye kuta za maduka ni yenu pamoja, na ngazi, na brosi, na rangi yenye imebaki. Lakini makartoni, ile mifano ya kukatwa, haimo ndani ya urithi. Makartoni si yangu.

Muliyakuta ukutani tangu muko wadogo: kartoni ya samaki, ya ng'ombe ya busheri ya nyama, ya kichwa ya mwanamuke ya saluni. Munaiweka kwenye ukuta, munaizunguka na kalamu ya kreyo, munatia rangi, na watu wanasema atelye ya Delphin iko na mukono muzuri. Hamukujiuliza hata siku moja juu ya nini samaki yote ya Bunia, kutoka soko mpaka njia ya kushuka Kasenyi, inaangalia kushoto. Ni juu kartoni iko moja tu, na jicho na magamba Vahwere aliichora upande moja. Ndiyo, Vahwere, rafiki yangu, mwenye tulifungua naye ile atelye. Yeye alikuwa anachora na kukata. Miye nilikuwa ninachanganya rangi. Kuchora sikujua.

Wakati wa vita aliniachia makartoni, akaniambia, "Delphin, unichungie, nitarudi," akavuka ziwa na muke yake kwenda Uganda. Alirudi mwaka wa tatu. Nikamwambia iliungua pamoja na nyumba yetu ya kwanza. Nilisema vile huku ananiangalia machoni, na makartoni ilikuwa chini ya kitanda ya mama yenu. Alinipa pole ya nyumba. Kiisha siku mbili akapita mbele ya depo moja ya samaki, akakuta samaki yake ukutani, rangi haijakauka. Hakurudi kuniuliza. Alishuka Kasenyi, akawa anaandika namba na rangi kwenye mitumbwi, na kule ndiko alikufa mwaka uliopita. Watoto yangu, niliona haya, na ninaiona hata sasa.

Siku nilipopata habari ya kifo chake nilinunua kaye, daftari ya shule, miaka yangu sitini na nane, nikajipa kazi ya kuvuta mistari mia moja kila siku. Ya kwanza ilikuwa na manyoya, juu niliogopa: ninavuta kidogo, ninasimama, ninarudilia pale pale. Ilinichukua muda kuelewa ya kuwa nguvu inatoka kwenye bega, si kwenye vidole, na mustari unauvuta mara moja. Ukiharibika unauacha vile, unavuta ingine pembeni yake. Nikaenda kwenye duara, kwenye yai, kwenye sanduku, kwenye mukebe ya maziwa, ambayo mudomo yake ilinisumbua wiki mbili. Samaki si magamba, Caleb. Samaki ni yai na pembetatu. Magamba inakuja nyuma. Ile yangu ya kwanza Rebecca aliniuliza kama ninachora kiatu, tukacheka, nikarudilia, na leo ninasema bila kujisifu: ile ya ukurasa wa mwisho ni samaki, na ni ya mukono yangu.

Basi ninaagiza. Jumatatu mupeleke makartoni yote Kasenyi kwa Bibiane, binti ya Vahwere, mwenye anauza samaki ya chumvi pale bandarini. Mumwambie uongo wangu wote, musipunguze. Akitaka kuichoma, aichome mbele yenu. Caleb, ninaona unasaga meno. Unajiuliza mutakula nini, juu wateja wanataka samaki ile wanaijua, na weye bila kartoni huwezi kuchora hata kikombe. Mutaanza chini, kama miye. Mutakosa kazi miezi sita, pengine mwaka, na shamba itawashikilia. Lakini hakuna mutoto yangu atakayezunguka tena kazi ya mutu mwingine na kuiita yake, na mwenye ataficha hata kartoni moja, baraka yangu isimufikie.

Muniache nivute pumzi. Rebecca, maji. Kidogo tu.

Mungu awalinde, awape amani kati yenu, na musigombane juu yangu. Ningewawekea mukono kichwani, lakini haininyanyukii tena, basi muiname weye na dada yako, muje chini yake. Vile. Mubarikiwe, na watoto yenu wabarikiwe.

Sasa, kabla sijalala. Caleb, twaa kreyo na kaye yangu. Tia nukta huku, na ingine kule mwisho ya karatasi. Uunganishe. Hapana... usiangalie ncha ya kreyo. Wala usiniangalie miye. Macho kule... kule unaenda. Vuta.