Maua Yaliyong'olewa kwa Nia Njema

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Nyuki. Alifariki wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na mmoja. Nawaambia mapema: leo sina simulizi tamu.

Mama Nyuki alishona nguo za watu miaka arobaini. Lakini roho yake ilikuwa nyuma ya nyumba. Huko alipanda maua ya kudumu, yale yanayochanua mwaka hadi mwaka. Alianzia kwenye mbegu, si miche ya kununua. Mbegu zenyewe ndogo kama chembe za unga. Alizinyunyiza juu ya udongo, akazikandamiza kwa kiganja, basi. Hakuzifunika.

"Hizi zinataka mwanga," alimwambia binti yake. "Ukizifukia, umezizika."

Mwaka wa kwanza, majani matupu. Mwaka wa pili, majani tena, na ua moja moja la kubahatisha. Majirani wakamcheka: "Fundi, siku hizi unafuga majani?" Naye hakuwa mtu wa kushindwa maneno. "Kwani mwanao alitembea siku aliyozaliwa?"

Mwaka wa tatu bustani ilijaa rangi na nyuki. Maharusi wakaanza kupiga hodi kutaka mashada. Aliwakatia, lakini si yote. Katika kila mashina matatu, moja lilibaki la nyuki. Hata bibi harusi alie machozi, hilo halikuguswa.

Sasa sikilizeni vizuri. Maua haya yana tabia moja. Kiangazi hukauka juu, lakini mizizi inabaki hai chini. Mama Nyuki hakukata mashina yale makavu, maana yalibeba mbegu. Asiyejua huona takataka tu.

Mjukuu wake alipochumbiwa, Mama Nyuki aliapa. "Mjukuu wangu hatashika ua la plastiki maadamu ninaishi!" Harusi ilikuwa baada ya miezi mitano. Halafu akaanguka, akavunjika nyonga, akalazwa wiki sita.

Mwanawe wa kiume ni mwashi, anafanya kazi mbali. Alikuja kumwuguza mama. Akakuta nyuma ya nyumba pamejaa vijiti vikavu. Roho ikamuuma. Mama mgonjwa, na kwake kumekuwa pori? Dada yake alipokwenda kazini, yeye akashika jembe. Aling'oa vyote, akachoma. Akamwaga zege, akalisawazisha vizuri, ili mama atembee na magongo asijikwae. Hakumwuliza mtu.

"Niliporudi jioni nilishika kichwa," anasema binti. "Kaka ananiambia, njoo uone, nimemwandalia mama. Na anacheka. Mungu wangu, anacheka!"

Mama Nyuki akarudi. Akasimama mlangoni na magongo yake, mwanawe pembeni akingoja sifa. Nyuki wachache walikuwa wakizunguka juu ya zege. Mama akatazama wee, mwisho akasema, "Ahsante, mwanangu. Pasafi." Akaingia ndani. Mlango ule wa nyuma hakuufungua tena.

Kabatini palikuwa na pakiti moja ya mbegu. Akazipanda kwenye makopo, dirishani. Zikaota. Lakini miaka mitatu ni miaka mitatu. Mjukuu akaolewa na shada la plastiki mkononi, na bibi yake mstari wa mbele, akipiga makofi. Miezi minne baadaye Mama Nyuki akatutoka.

Jana, wasikilizaji wapendwa, mwashi alinipigia simu. Alikuwa analia. Aliniomba nitangaze hewani kwamba mama yake alimsamehe. Nikamwuliza dada yake: je, mama alisema hivyo? Akajibu, "Hakusema amemsamehe. Wala hakusema hajamsamehe. Alisema ahsante tu."

Poleni sana, familia ya Mama Nyuki. Pole binti, pole mjukuu. Nawe unayenisikiliza, uliyeshika jembe ili umsaidie mtu, mwulize kwanza, angali anaweza kukujibu.

Mwashi, pole nawe. Kwamba ulimpenda mama yako, hilo nalisema mbele ya wote wanaonisikia, na nalisema tena: ulimpenda. Lakini lile uliloniomba, ndugu yangu, siwezi kulitangaza. Mwenye kulisema ameshazikwa.