Bibi Aliyekataa Kuishi kwa Zamu

Ndugu waombolezaji, wajomba zangu, majirani, na ninyi wazee wa makao haya mliotuazima ukumbi wenu, nimepewa kazi ya kusoma maisha ya bibi yangu kwa sababu, kama alivyosema mjomba mkubwa jana, mimi nimesoma na sina ninachofanya, basi asante kwa ajira, mjomba, na nitasoma yote.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1942, mtoto wa tatu wa fundi seremala, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akaanza shule mwaka 1950 na kuiacha mwaka 1957, si kwa kushindwa masomo bali kwa kuwa viatu vya shule vilikuwa jozi moja na kaka yake alikuwa na mguu mkubwa zaidi.

Mwaka 1961 aliajiriwa chumba cha kufulia cha hospitali, akapiga pasi mashuka akisimama kutwa kwenye mvuke, wenzake wakamwita Injini, na alipostaafu mwaka 1997 alikuwa msimamizi wa idara nzima.

Alifunga ndoa tarehe 7 Septemba 1963 na dereva wa gari la wagonjwa, ambaye kwa maelezo ya bibi aliendesha taratibu siku ya harusi tu, wakajaliwa watoto wanne, wajomba zangu watatu na mama yangu, wakaishi pamoja hadi babu alipofariki mwaka 2009.

Hapa wajomba mtanisamehe, na msiponisamehe, sorry. Mwaka 2016 kikao cha familia kiliamua kwamba bibi asiishi peke yake, atakaa kwa kila mtoto miezi mitatu, kwa zamu, na kila nyumba ilimpenda sana, ilimkataza jiko, ilimkataza ngazi, ilimkataza ufagio, “Mama, kaa, usijisumbue,” mimi na digrii yangu nikapewa cheo cha kumletea maji pale alipo, na kwa heshima hiyo yote mwanamke aliyesimama maisha yake yote akafika mahali hawezi kuinuka kitini bila kushikwa kwapa.

Tarehe 6 Juni 2019, siku ya kumhamisha tena, sanduku likiwa tayari kwenye buti, bibi alikataa kuingia garini, akasema, “Mimi si mtungi wa gesi, wa kuhamishwa jiko hadi jiko,” akataka aletwe hapa, kwenye makao ya wazee. Mjomba mkubwa akalia kabisa, “Mama, watu watasema tumekutupa,” naye akamjibu, “Waambie mimi ndiye niliyewatupa.”

Akapewa chumba chenye dirisha la uani, birika lake, na ufunguo wake mwenyewe. Mtaalamu wa viungo akamfundisha kusimama upya akishika mgongo wa kiti, wiki kwa wiki, bibi akitukana kwa adabu, mpaka nilipokuja siku moja nikakuta kitanda kitupu, nikatoka mbio, kumbe yuko langoni, kwa miguu yake, ananiuliza mbona nimechelewa. Jamani, sijawahi kuona kitu kama kile, na nimeona mengi. Kisha akaanza kuwagongea wenzake milango asubuhi, mwenye fimbo, mwenye fremu ya kutembelea, mwenye hasira, wote wakaingia koridoni kutembea, na waliokuwa wakisubiri kufa wakaanza kugombania nafasi ya mbele.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka, daktari akashauri arudi nyumbani, bibi akauliza, “Nyumbani wapi tena?” akabaki, akafariki tarehe 2 Februari 2024 alfajiri, kitandani kwake, mlango akiwa ameufunga yeye.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, wafanyakazi wa makao haya, majirani, na wenzake wa chumba cha kufulia waliokuja na mashuka meupe yaliyonyooshwa.

Mjomba ameleta basi la kuwapeleka wazee makaburini. Wamelikataa. Wanasema watamsindikiza kwa miguu, wote, hata wa fremu, kwa hiyo madereva, naomba gari la jeneza lifuate mwendo wao, na atakayepiga honi atajibizana na mimi.

Pumzika kwa amani, bibi. Tunakuja polepole.