Maua Niliyoamuru Yachumwe

Mheshimiwa Afisa wa Elimu, Bwana Chifu, wanakamati wenzangu, Mwalimu Kathini ambaye leo tunamuaga, wazazi na wanafunzi wa Mkongani: nawasalimu kwa heshima, kila mmoja kwa daraja yake. Nimeombwa nimsifu Mwalimu. Mimi si msifu hodari. Nilifundisha miaka thelathini, na nilichozoea ni kusahihisha. Basi leo nitasahihisha.

Mwalimu Kathini alitujia kutoka Ukambani mwaka mmoja kabla ya kupandishwa bendera yetu ya uhuru. Aliomba kipande cha shamba nyuma ya darasa, akawapa watoto mbegu za maboga. Walipima kwa hatua nafasi kati ya shimo na shimo, na hiyo ikawa hesabu yao. Wakachora majani, wakaandika tarehe ya kila chipukizi. Mimi, Mwenyekiti wa Kamati, nilisema kwamba mtoto huja shuleni kushika kalamu, jembe amelizoea kwao. Hata hivyo sikumzuia. Nilipita kila asubuhi, nikakagua, nikatoa amri.

Msimu ule maboga yalifikia ukubwa wa ndimu, yakageuka manjano, yakaanguka. Yote. Nani kati yetu hakujua sababu? Tumelelewa tukiambiwa kwamba boga changa halisontwi kidole. Ukitaka kulionyesha, kunja kidole, utumie kifundo. Na Mwalimu alikuwa amewahesabisha watoto maboga kwa vidole vilivyonyooka! Mzee Thoya, ambaye sasa ameinamisha kichwa pale, alisimama kikaoni akasema, "Mtu wa bara huyo. Leo ameozesha maboga, kesho ataozesha watoto. Arudi kwao!" Kamati ilikubali. Barua ya kuomba aondolewe niliiandika kwa mkono wangu.

Mwalimu hakubishana. Alisema tu, "Mwenyekiti, mbegu zimebaki. Nipe msimu mmoja, kisha uitume."

Watoto walipanda safu tatu. Ya kwanza waliisonta kila siku, tena kwa vidole vyote kumi. Ya pili hawakuisonta. Ya tatu, iliyokuwa mbali na hizo, upande wa pili wa shule, hawakuisonta pia, lakini humo walitekeleza amri moja ya msimu uliopita. Siku ya kutazama ilipofika, Kamati nzima ikaja; safu mbili za kwanza zilikuwa na maboga ambayo mtoto hawezi kuyanyanyua. Safu ya tatu ilikuwa na majani matupu.

Nikauliza, "Amri hiyo ilikuwa ya nani?"

Watoto walitazamana. Mbodze binti Rai, wa miaka tisa, ndiye aliyethubutu. "Shikamoo, Babu. Ni yako."

"Yangu?"

"Ulituambia tuchume maua yote yasiyo na kiboga chini yake, eti ni mavivu, tuyapeleke kwako yakapikwe mboga. Hayo ndiyo ya kiume, Babu. Unga wake ndio unaolifanya la kike lizae. Wewe uliwala waume wote!"

Mzee Thoya alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Mama zetu walichuma maua hayo siku zote, lakini walibakisha. Aliyesoma ndiye aliyeamuru yachumwe yote. Na je, ni nani angalibeba kosa langu, kama mwanamke huyu tunayemuaga asingaliomba msimu mmoja?

Mwalimu, unakwenda Matuga kufundisha walimu. Barua ile sikuituma, wala sikuichana. Nakukabidhi leo. Wasomee. Haina kosa hata moja la tahajia. Kosa lake ni kila ilichosema.

Nyuma ya darasa kuna boga moja changa. Kesho asubuhi nitalisonta mbele ya watoto, kwa kidole kilichonyooka. Sitawadanganya: huenda kikajikunja kwanza.

Nawashukuru kwa subira ya masikio yenu.