Sanduku la Kulaza Bunduki ya Bundala

Kijiwe cha Khatibu muuza kahawa kiko pale Bariadi ambapo barabara ya Ngulyati inaachana na mji, mkabala na duka la vifaa vya ujenzi la Hilali. Benchi lake ni ubao wa tela la trekta lililokufa tangu enzi za ushirika, na wanaolikalia ni wale wale: Hilali mwenyewe, aitwaye Dubai kwa sababu kila bidhaa yake husema imetoka huko, Mahona, aitwaye Meja, ingawa jeshini hakupanda zaidi ya kuwa mpishi, na Shigela, aitwaye Redio, kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia. Ulikuwa msimu ambao kila mwenye lori na mizani ameruhusiwa kununua pamba, na vyama vya siasa vimekuwa vingi kama maduka. Watu walikuwa hawajazoea kuchagua. Jioni hiyo aliyekuwa akichagua ni mzee Bundala.

Mzee Bundala alikuwa na bunduki ya mitutu miwili, ya halali, yenye leseni. Wezi wa mifugo walipopita masika yaliyotangulia, walisomba zizi la jirani yake Mhoja na kuliruka la kwake, na hakuna aliyehitaji kuuliza sababu. Sasa kituo cha polisi kimemwambia kwamba kabla ya Jumatatu awe na sanduku la chuma lenye kufuli, lililofungwa ukutani; la sivyo bunduki ikalale kituoni. Na bunduki ikilala kituoni, wezi watapata habari kabla ya ng'ombe. Kasha lake la mbao la chini ya kitanda lilikuwa limekwisha kukataliwa. Kwa hiyo, huku akimshuku kila mwenye miguu miwili, alikuwa ameihamishia mahali ambapo hata mkewe Apolonia, mama Justina, hakupajua: katikati ya rundo la pamba, chumba cha ndani. Tangu aanze kulima, pamba haikuwahi kutoka nyumbani kwake mpaka ushirika utangaze siku, na yeye mwenyewe aisindikize hadi ghalani. Hakuona mahali salama zaidi ya hapo.

— Mzee, chukua kasiki yangu, alisema Dubai. — Chuma cha ng'ambo, namba za kuzungusha, hakuna habari ya funguo kupotea. Ukiigonga inaitika kama kengele ya kanisa.

— Nimeipima kwa fimbo. Bunduki haiingii.

— Inaingia ukiilaza kiupande.

— Nimeilaza kiupande. Labda ipige magoti.

Meja alicheka mpaka kahawa ikamwagikia goti. Redio hakucheka.

— Na hizo namba, Dubai, nani anazijua?

— Mwenye mali peke yake.

— Na aliyekuuzia wewe?

— Ziko kwenye karatasi, ndani ya boksi.

— Karatasi hiyo umeisoma?

— Nimeiona.

Mzee Bundala alimtazama Dubai. Walikuwa wamekunywa kahawa pamoja tangu Hilali aingie mjini na meza moja ya misumari, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuyachunguza macho yake namna ile.

— Achana na kasiki, alisema Meja. — Hiyo ni ya fedha, na wewe huna fedha. Nenda karakana kwa fundi Mboje. Akuungie bati nene, refu, bawaba zikae kwa ndani, kufuli mbili, na matundu nyuma ya kupitishia boliti hadi ukutani. Risasi uziweke kando, kwenye kisanduku chake, na ufunguo wake. Jeshini tulifanya hivyo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeingiaje kwenye bawaba?

— Unene, Dubai. Bati juu ya bati.

— Jeshini wewe ulikuwa unalinda maharage, alisema Redio.

— Na hayakuibwa.

Shauri la Mboje lilimwingia mzee Bundala. Alikuwa tayari ameona moyoni ukuta wa kulifungia, nyuma ya mlango, mahali ambapo mgeni aketiye sebuleni halioni. Lakini Redio alikuwa bado hewani.

— Karakana ya Mboje iko barabarani. Anaunga sanduku refu kama mtu, halina rafu, lina kufuli mbili. Wapita njia watasema ni kabati la vyombo? Halafu litatoka pale kwa usafiri gani?

— Kwa mkokoteni wangu wa ng'ombe, alisema Bundala.

— Kati ya mji?

— Nitalifunika turubai.

— Turubai ndilo litakalotangaza. Kitu kisicho na siri hakivai nguo.

Hapo mzee Bundala akamshuku Mboje, halafu akawashuku ng'ombe wake mwenyewe, kwa namna wanavyopenda kusimama mbele za watu.

— Nyinyi hamjiulizi, Redio aliendelea, akishusha sauti ili asikike vizuri. — Kwa nini sanduku, na kwa nini mwaka huu wa uchaguzi? Liwe la Dubai, liwe la Mboje, kufuli zote zinatoka kiwanda kimoja. Kila bunduki ikishakaa ndani ya chuma, siku moja anakuja mtu mmoja na ufunguo mmoja.

— Mtu gani?

— Ningemjua, ningekuwa nimekaa hapa na wewe?

— Ufunguo wa nini, alisema Meja. — Kuna lori la sumaku. Nililiona vitani kwa macho haya. Linapita polepole, masufuria yanahama majikoni. Mwenda pole hajikwai.

— Na hilo lori lenyewe limetengenezwa kwa nini? Mbao?

— Usidharau utaalamu, Dubai.

— Lori tunaloliona sisi ni la wanunuzi wa pamba, alisema Khatibu, akimimina. — Limepita mchana. Masufuria yangu hayakuhama.

Redio aligeuka mzimamzima.

— Hao ndio wenyewe. Zamani ulipeleka pamba ghalani, karani hakujua hata mlango wako unatazama wapi. Hawa wanaingia na mizani mpaka chumbani. Wanatafuta nini humo? Kikulacho ki nguoni mwako.

Kikombe cha mzee Bundala kilisimama nusu ya njia.

— Kwangu hawaingii. Mama Justina anajua tunasubiri ushirika.

— Ushirika umetangaza siku? aliuliza Khatibu.

Mzee alikipeleka kikombe mdomoni.

— Kwani kwa sasa umeilaza wapi? aliuliza Dubai, kwa sauti ya mtu aulizaye hali ya mvua.

— Pazuri.

— Pazuri wapi?

— Hata Apolonia hajui.

— Hapo umenena, alisema Meja. — Siri ya wawili ni tangazo.

Kengele ya baiskeli ililia. Alikuwa Fredrick, mume wa Justina, binti wa mzee. Alisimama ng'ambo ya mtaro na kuinamisha macho, maana mkwe hasogelei kiti cha baba wa mkewe kama anayesogelea rika lake.

— Mwadila, baba.

— Mwadila. Kwema huko?

— Kwema. Nimetumwa na Justina, naye ametumwa na mama. Wanunuzi wako nyumbani, na lori. Mama amesema ushirika uko kimya na panya hawako kimya. Pamba ya chumba cha nje wamekwisha kuipima. Anauliza, ya chumba cha ndani nayo waitoe?

Lilikuwa swali la kujibiwa kwa neno moja. Mzee Bundala alilitafuta neno hilo asilipate. Akisema waitoe, wapagazi asiowajua watatia mikono katika rundo, na bunduki, isipoonekana, itashindiliwa guniani na kwenda kiwandani. Akisema wasiitoe, itabidi aseme, mbele ya masikio haya, kwa nini pamba moja iuzwe na nyingine ibaki. Angekuwa mwanawe wa kumzaa, angemvuta kando amnong'oneze. Lakini mkwe hanong'onezwi.

— Baba? Fredrick aliliuliza gurudumu la baiskeli. — Nimewaacha wanatikisa magunia.

Benchi zima lilimtazama mzee. Alijaribu kuufanya uso wake uwe wa mtu anayefikiria bei, lakini jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na jua lilikuwa limekwisha kupoa. Meja alishusha kikombe chake.

— Pazuri, alisema polepole, bila kumwambia mtu.

Mzee Bundala alisimama. Aliuvuka mtaro, akamfikia mkwewe karibu kuliko adabu inavyoruhusu, akaushika usukani wa baiskeli bila kuomba.

— Dubai, mwambie Mboje aanze leo.

— Lile refu? Na turubai je?

— Lolote. Alilete mchana, watu waone.

Akapanda. Miaka mingi haikuwa imemwona juu ya baiskeli, na barabara ya Ngulyati ilimpokea kwa mashimo yake yote. Koti lake lilijaa upepo, akawa anapungua machoni, huku akiinuka kwenye kiti kila penye mwinuko.

Fredrick alibaki amesimama, mikono haina pa kukaa.

— Wazee wangu, alisema, kwani pamba ina nini?

Redio alitazama barabara. Meja alianza kufuta goti lililokwisha kukauka. Dubai alikumbuka kwamba hajafunga duka, lakini hakuinuka, kwa kuwa hakutaka kuwa wa kwanza kuondoka na wengine wamwone anaelekea wapi. Wote walikuwa wamelijua jibu, na kila mmoja alikuwa akiwapima wenzake waliolijua.

Fredrick aliomba basi angalau kikombe kimoja.

— Imekwisha, alisema Khatibu, na akalisogeza birika nyuma ya mguu wake, likiwa bado zito kwa kahawa, asije mkwe akaketi na kuuliza tena.