Fundi Kiganja na Intakula ya Gari Lake Mwenyewe

Ijumaa ya tarehe 28 Juni, Fundi Kiganja atavua ovaroli baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika karakana yetu. Kamati ya sherehe imenipa mimi, mwenye stoo ya vipuri, kazi ya kuandika wasifu wake, kwa maelezo kwamba ndimi niliyemnyima vitu mara nyingi kuliko mtu yeyote. Ni kweli, na sina la kujitetea.

Alianza kwa kuosha injini, akapanda hadi breki, kisha magari ya turbo yalipoanza kuingia kwa wingi akahamishiwa huko. Kwa wageni wetu wa siku hiyo: turbo huibana hewa na kuisukuma ndani ya injini ili gari lipate nguvu. Hewa ikibanwa hupata moto, na hewa ya moto huitesa injini. Ndiyo maana katikati huwekwa intakula, ambayo kazi yake ni kuipoza hiyo hewa njiani. Ziko zinazokaa mbele, nyuma ya bampa. Ziko zinazokaa juu ya injini, chini ya boneti. Na ziko zinazopozwa kwa maji. Kazi ya Fundi ilikuwa kuamua ipi ifungwe kwenye gari lipi. Upara wake ulianzia hapo.

Wateja wengi huja wakiwa wameshaamua. Wanataka ile kubwa ya mbele, inayoonekana na majirani. Fundi hakubishana na mtu. Aliuliza swali moja tu, nani anaendesha, kisha akaomba apelekwe kule ambako gari huenda kila siku. Alikaa kiti cha nyuma, mkanda amefunga, kimya kama mzigo. Wakimaliza kupanda mlima wa hospitali aliomba wasimame, akafungua boneti na kuweka kiganja kwenye bomba la hewa. Jina lilimpata hapo, pamoja na malengelenge kadhaa.

Muuza nyama mmoja alitaka intakula pana kama mlango. Alirudishwa na ile ile aliyokuja nayo, ikiwa imesafishwa, kwa sababu safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda kumchukua mama mkwe. Alinuna mwezi mzima. Siku hizi ndiye anayetuletea wateja. Dada anayesambaza maua, yeye hushinda kwenye foleni ambako hakuna upepo wa kupoza chochote, kwa hiyo alifungiwa ya maji, na hajarudi tena isipokuwa kutuletea maua.

Sasa niseme lile ambalo kamati iliniomba niliseme kwa upole. Fundi alinunua gari la turbo la kustaafia, na intakula yake ya juu ilikuwa inavuja. Mkewe ana dada mkubwa ng'ambo ya milima, ambaye magoti yamemkatalia kusafiri. Mkewe naye mgongo wake haupatani na mabasi. Fundi akamuahidi kwamba gari likipona tu, watakwenda.

Basi akaanza kuchagua. Akaamua ya mbele, akahofia mabomba marefu yatalifanya gari lichelewe kuitika. Akaamua ya maji, akahofia pampu itakufa mlimani, mbali na mafundi. Akarudi kwa ya juu, akahofia itaiva kwa joto la injini wakipanda polepole. Akarudi kwa ya mbele. Miaka ikapita. Gari likakaa juu ya matofali nyuma ya stoo yangu, paka akazalia ndani.

Katikati ya hayo macho yake yalifanyiwa upasuaji, daktari akamkataza kushika usukani. Tangu hapo mkewe humleta kazini kila asubuhi kwa kigari chake, ambacho hata mlima wa hospitali huupanda kwa kupumzika. Mwaka jana tukasikia dada mtu ameanza kusahau watu. Mama wa watu hakulalamika. Alituuliza tu kama gari bado liko juu ya matofali. Tukajibu kwamba liko, na sote tukaona haya.

Mwezi wa nne mchomeleaji wetu aliichukua ile intakula ya zamani bila ruhusa, akaziba panapovuja, tukaifunga. Paka alihamishwa. Asubuhi Fundi alipofika, mkuu wa karakana akamuuliza swali lake mwenyewe: nani anaendesha?

Fundi aligeuka. Akamtazama mkewe, aliyekuwa bado ameegemea kigari. Sote tulikuwa tukimwona mama huyu kwenye usukani kila siku, na hakuna hata mmoja wetu aliyeunganisha hilo na uchaguzi wa intakula. Sisi hutazama chini ya boneti.

Mama akaendesha, Fundi, mkuu na mimi tukabanana kiti cha nyuma. Hana haraka. Hubadili gia mapema na huwapisha hata wasioomba kupishwa. Tulipomaliza kupanda mlima, Fundi aliweka kiganja kwenye bomba, akakiacha hapo, kisha akakigeuza na kukitazama kana kwamba ndicho kibovu. Bomba lilikuwa vuguvugu.

“Inatosha,” alisema. Akamgeukia mkewe. “Mbona hukuniambia?”

“Nilikuwa nasubiri uniulize,” mama akajibu. “Wateja wako wote unawauliza.”

Fundi alilia. Alifuta macho kwa tambara la grisi, jambo ambalo daktari wake asingelipenda.

Fundi, tunakushukuru kwa injini zote ambazo hazikufa, na kwa wateja wote uliowanunisha kwa faida yao. Stoo sasa itapumua, ila mwenye stoo atakukumbuka sana. Tunawatakia wewe na mama maisha mema na barabara nzuri. Jumamosi alfajiri mtaondoka. Funguo anazo mama, na kiti cha nyuma unakijua. Dada ameshaambiwa kwamba mnakuja. Husahau, huambiwa tena, na kila mara hufurahi upya.