Siku Nilipouona Moyo Wangu kwenye Karatasi

Ndugu zangu, Mungu wetu apewe sifa asubuhi hii. Mimi ni Mama Esperance, mshonaji wa mtaa wetu wa Rwezamenyo. Wengi mnanijua kwa hiki Kiswahili changu cha Bukavu.

Kabla ya mwaka jana, 1992, niliishi kwa hofu. Nimekaa kwenye cherehani, mara moyo unaanza kukimbia. Kifua kinabana, macho yanaingia giza. Baadaye unatulia wenyewe, ghafla vilevile. Niliacha kumbeba mwanangu mgongoni, nikiogopa kuanguka naye. Mama mkwe akasema nimerogwa, na mume wangu akaanza kuamini. Ndugu zangu, niliomba, nilifunga, na bado moyo ulikimbia.

Jumapili moja mwaka jana ugonjwa ulinikamata hapa hapa kanisani, kwaya ikiimba. Nikaanguka. Mama mchungaji aliniombea, kisha akaniambia, "Inuka, twende hospitali. Na huko Mungu yuko."

Tulipofika moyo ulikuwa bado unakimbia. Daktari, mzee mpole aliyesomea Bujumbura, akanibandika nyaya kifuani, mikononi na miguuni. Mashine ikaanza kutoa karatasi ndefu. Vilele vyembamba vilibanana, havina hata nafasi ya kupumua.

"Huu ndio moyo wako," akasema. "Umeme wake umepotea njia, unazunguka palepale. Vuta pumzi, uizuie, usukume kama unayejifungua."

Nikasukuma. Karatasi ikaendelea kutoka na mstari mtupu, bila kilele chochote. Mama mchungaji akanishika mguu. Kisha kikatokea kilima kidogo, kilele kirefu, kilima kingine. Vikarudia, taratibu. Kifuani kukawa na utulivu niliokuwa nimeusahau.

Daktari akaweka kidole kwenye karatasi, akanifundisha. Kilima cha kwanza wanakiita P: umeme unaamsha vyumba vya juu vya moyo. Kilele ni QRS: vyumba vya chini vinasukuma damu mwilini. Kilima cha mwisho ni T: moyo unajiandaa upya. "Halafu hapa," akasema, akionyesha mstari mtulivu, "unapumzika kidogo."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipolia. Kumbe moyo unapumzika! Katikati ya pigo na pigo, Muumba ameuwekea pumziko lake, na mimi miaka yote sikujua.

Nilipewa dawa. Siku hizi ukianza kukimbia, nakaa chini, nasukuma vile nilivyofundishwa, nikiliita jina la Yesu, nao unatulia. Mwanangu yuko mgongoni tena. Mume wangu aliiona ile karatasi, akaacha habari za wachawi.

Kama kuna mtu hapa anayeficha ugonjwa kwa hofu, aje tumwombee, na kesho mimi mwenyewe nitampeleka kwa daktari. Sasa wekeni mkono kifuani, kila mmoja. Sikilizeni. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuamuru upige. Mwaminini Yeye anayeuamuru.